Daftari la walezi wa watoto Goma: tunajua kuandika majina, nani ataweza kuyafuta?

Mlezi_Birere (mwanzisha uzi)

Salamu kwa wakubwa na wadogo. Leo nawaita wote mnaotumika na watoto: walezi wa vituo, asistanti sosiali, wale wa familia za kupokea, wale wa kutafuta wazazi, na nyote mnaovaa jile (vesti) za mashirika. Je, iwe lazima kila mmoja wetu awe na jina kwenye daftari la kazi, kama avoka (wakili) alivyo kwenye orodha yao na enfirmie (muuguzi) kwenye Ordre, baraza lao la kazi? Mimi nasema ndiyo, lakini sababu yangu siyo ile ya kwenye seminari.

Kwenye seminari wanasema daftari litaleta heshima, litatenganisha waliosoma na waliookotwa barabarani. Ukiniomba faili yangu nakuletea klaseri imejaa. Atestasio ya ulinzi wa mtoto, siku mbili, hoteli moja ya Himbi, na chai ya saa nne. Atestasio ya msaada wa kisaikolojia, siku moja. Nyingine ya kujaza fishi ya mtoto aliyepotezana na wazazi. Zote na mihuri, moja nimeipiga plastiki. Karatasi tunazo hadi zinatushinda. Tunachokosa ni mahali ambapo mtu akiharibu kazi, jina lake linaondolewa na mji unajua.

Kwenye kituo kimoja nilikotumika zamani (sitakitaja) msichana wa miaka 15 alimwambia mama wa jikoni jambo kuhusu mlezi wa zamu ya usiku. Mama wa jikoni akamfikishia mkubwa wa kituo. Jamaa aliitwa, akaulizwa, akasaini, akaondoka. Familia ya msichana haikutaka mambo ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), walipewa kitu, yakaisha hivyo. Na jamaa alitoka na cheti chake cha kazi: kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, mlezi. Mwaka haukuisha nikamwona Katindo, jile mpya, shirika lingine, amezungukwa na watoto wadogo kuliko wale wetu.

Cheti kile kilikuwa safi kabisa. Nani anaweza kunieleza kwa nini?

Mtazamaji_Majengo

Mkubwa, uchungu wako nausikia, ila dawa unayoleta tunaijua ladha yake. Nchi hii daftari lolote likianza, kinachotangulia ni risiti. Utasikia karte ya mlezi dola 20, kuipyaisha kila Januari dola 10, kupoteza karte dola 5. Na yule bwana wako wa Katindo ndiye atakayelipa wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye mwenye dola. Wewe utakuwa bado unangoja mshahara wa mwezi wa tatu.

Heshima ya kazi inaanzia kwenye mshahara. Mlezi anayelala na watoto 40 peke yake usiku, analipwa kwa kubahatisha, unamwambia awe wa kitaaluma? Kwa nguvu gani?

Mama_Ndosho

Jambo yenu bote. Miye niko mama wa familia ya kupokea batoto. Siko na diplome, nilifikaka tu mu ya sita primaire. Batoto benye kutoka mu bikundi bya silaha balilalaka mu nyumba yangu, bengine banapiga kelele usiku muzima, mwingine alikuwa nalala na kisu chini ya kichwa mpaka siku yenye alinipatia ye mwenyewe. Sikumuomba.

Sasa muko nasema daftari, daftari. Siku mutaanza kuandika njo siku mutaniambia: mama, weye hauko wa kazi, rudisha mutoto. Nani atamupokea? Ule wa diplome saa kumi na mbili ya magaribi ameisha kufunga mulango yake.

Ya_Rotterdam

Mimi ni mtoto wa Mabanga, sasa natumika na vijana na familia zao Uholanzi, na namba ya daftari ninayo. Niwaeleze linavyokwenda, mchague la kuchukua na la kuacha.

Huku sheria ya vijana ilianza kazi tarehe 1 Januari 2015. Inawalazimu waajiri kuwapa watu walioandikishwa zile kazi nzito: kuamua kama nyumba fulani ni salama kwa mtoto, kumsimamia mtoto ambaye hakimu amemweka chini ya uangalizi, na nyingine za namna hiyo. Daftari letu linaitwa SKJ. Mzazi akitaka kujua kama nimo, analitafuta jina langu kwenye intaneti usiku huohuo. Kila baada ya miaka 5 naandikishwa upya, na hapo pesa peke yake haitoshi: naonyesha saa nilizotumika, mafunzo niliyofuata, na vikao ambavyo tunakaa na wenzetu wa kazi tunachambua kesi zetu wenyewe, wapi ulikwama, wapi mtoto alikukasirisha ukakosa kumsikiliza. Vikao hivyo nilivichukia mwanzoni. Leo ndivyo ningevipeleka Goma kabla ya kitu kingine chochote, maana havihitaji hoteli.

Halafu lalamiko. Mzazi au kijana mwenyewe anaweza kunilalamikia mimi kwa jina langu, siyo ofisi. Kuna jopo la wanasheria na watu wa kazi yetu, linaweza kutoa onyo, karipio, kusimamisha, hadi kufuta. Hukumu zinachapishwa bila majina ya wahusika, na sisi tunazisoma, wengine kwa kujifunza, wengine kwa woga.

Mjue yalikotoka pia. Mwaka 2004 mtoto wa miaka 3 alikufa mikononi mwa familia yake wakati alikuwa chini ya uangalizi. Msimamizi wake alishtakiwa kortini kama mhalifu, na 2007 akaachiliwa. Nchi ikabaki inajiuliza: kama kosa la kazi siyo jinai, basi linapelekwa wapi? Kati ya gereza na kunyamaza hapakuwa na ngazi ya katikati yenye nguvu ya sheria. Kesi hiyo ilisukuma sana mjadala wa daftari.

Mama Ndosho, shikamoo. Familia za kupokea huku haziandikishwi SKJ, zina utaratibu wao. Na mwajiri anaruhusiwa kumpa kazi asiyeandikishwa, ilimradi aonyeshe kwamba ubora haupungui. Kwa hiyo hata Wazungu hawakufunga mlango wote.

Ubaya wake nao nisiufiche. Malalamiko mengi yanatoka kwa wazazi walioachana, kila mmoja akitaka ripoti iegemee upande wake. Nina wenzangu ambao siku hizi wakiandika ripoti wanamfikiria wakili kwanza, mtoto baadaye. Na msidhani daftari ni kinga: tume iliyotoa ripoti 2012 ilichunguza watoto waliodhulumiwa kingono wakiwa mikononi mwa leta (serikali) na ofisi zake, nyingine ya 2019 ikachunguza ukatili tangu 1945, na zote mbili zikakuta watoto hawakulindwa inavyopasa. Haya katika nchi yenye kabati za mafaili hadi darini.

Mtazamaji_Majengo

Kumbe. Sasa kama wenye pesa wameshindwa, sisi wa Goma tunatafuta nini?

Ya_Rotterdam

Sikusema wameshindwa. Nimesema daftari halifanyi kazi ya mtu mzima mwenye masikio. Linafanya kazi moja tu: aliyeondolewa asirudi kupitia dirishani.

Avoka_Mdogo

Nimjibu mwanzisha uzi kuhusu cheti. Kituo kilifuata sheria. Kodi ya kazi (yaani kitabu cha sheria za kazi) ya 2002 inamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti chenye aina ya kazi, muda wake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba ya bima ya jamii. Halafu inaongeza kwamba hakuna neno lingine linaloweza kuandikwa humo. Lengo lilikuwa jema: bosi mwenye chuki asimchafulie mfanyakazi maisha. Lakini kanuni hiyohiyo inayomlinda fundi wa garaji dhidi ya bosi wake ndiyo inayomsafisha mlezi aliyemgusa mtoto. Sheria ya kazi haina ubaya, ila haikuandikwa kwa ajili ya kazi zinazowashika watoto. Daftari la taaluma ndilo linalokaa pembeni ya cheti na kusema kile ambacho cheti kimekatazwa kusema.

Na kabla hamjafungua kikundi cha WhatsApp cha majina mabaya, maana naona mnakokwenda: kumtangazia mtu jambo la kumharibia heshima ni kosa katika kodi yetu ya adhabu. Yule bwana atawapeleka parke ninyi, na atashinda. Ndiyo maana daftari linahitaji kanuni, watu wa kusikiliza pande mbili, na haki ya kukata rufaa. Bila hayo ni umbea wenye muhuri.

Jambo la pili. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa asistanti sosiali mamlaka makubwa: ndiye anayemweka mtoto aliye katika hali ngumu kwenye familia au kituo, na hakimu wa watoto anathibitisha. Kumwondoa mtoto kwao! Hata hakimu hafanyi hivyo kirahisi. Sasa uliza kwenye mashirika yetu, wangapi wanajiita asistanti sosiali na ni nani aliwapa hilo jina. Kadi ya kuning'iniza shingoni inapigwa plastiki Birere kwa bei ya soda.

Kigoma_Boy

Wakuu, nakazia. Huku kwetu Sheria ya Mtoto ni ya mwaka huohuo 2009, kumbe tulikuwa darasa moja. Tofauti ni kwamba afisa ustawi wa jamii kwetu ni mtumishi wa serikali, unajua ofisi yake iko wapi ukitaka kugombana naye. Ila ni wachache, na mzigo mkubwa wa mitaani unabebwa na watu wa kujitolea. Kwa hiyo Mama Ndosho yuko hadi Kigoma, msimwache nje.

Jile_ya_Bluu

Naona mnabishana diplome na karte. Mimi niwapeleke 2021.

Volkano ya Nyiragongo ilitoka tarehe 22 Mei, siku ya posho (Jumamosi), jioni. Wengine walikimbilia Gisenyi, wengine Sake. Tarehe 27 mji ukaambiwa utoke tena, ikawa fujo juu ya fujo. UNICEF ilisema siku zile za mwanzo kwamba watoto zaidi ya 150 wametengana na familia zao. Sisi tulikuwa na meza, bik, na bunda la fishi.

Anafika mwanamke analia, anamnyoshea kidole mtoto wa miaka minne hivi: huyu ni wangu, wa dada yangu. Mtoto naye anamkimbilia. Watu pembeni wanapiga makelele, mpeni mama mtoto wake, ninyi watu wa ONG mna roho gani! Mwenzangu, kijana aliyemaliza chuo kikuu, tayari alikuwa anaandika "amerudishwa". Mama mmoja wa Virunga, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuuza makala (mkaa), akamshika mkono. Akamkalisha mwanamke upande huu wa hema, mtoto upande ule, wasisikiane. Akamuuliza mtoto: nyumbani nani anapika? Mnalala na nani kitanda kimoja? Mbwa wenu anaitwaje? Halafu akaenda kumuuliza mwanamke maswali yaleyale. Mbwa hakumjua. Nani anapika, alikosea. Alikuwa jirani tu, mtoto anamzoea. Labda alikuwa na nia njema, labda hapana, sikubaki kujua. Mama mzazi alipatikana Sake siku kadhaa baadaye.

Nani alikuwa wa kitaaluma pale mezani? Kwangu taaluma ni hiyo: kuweza kukataa mbele ya machozi na mbele ya watu wanaokutukana, kwa sababu kuna utaratibu na unajua kwa nini upo. Hilo linafundishwa, lakini halifundishwi kwa siku mbili na chai ya saa nne. Na likifundishwa, muuza makala analishika kama mtu mwingine.

Kuhusu wanaorudi dirishani: tusisahau Ebola ya 2018 hadi 2020. Tume huru iliyotoa ripoti Septemba 2021 ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 wakiwa waliajiriwa na shirika la afya la dunia. Tangu 2019 kuna mpango ambao mashirika makubwa yanaulizana kabla ya kuajiri: huyu mtu aliondoka kwenu na kesi? Mzuri. Lakini vituo vyetu vya avenue, vya mchungaji fulani na wajane watatu, havimo. Na watoto wengi wamo kwenye hivyo.

Lushois_Kenya

Jambo toka Lubumbashi (komini ya Kenya, siyo nchi, msinianze). Nina dada anatumika kwenye kituo cha watoto Afrika Kusini. Kule baraza lao la kazi za jamii, SACSSP, linasimama juu ya sheria ya 1978, na walezi wa watoto na vijana wanaandikishwa humo kwa ngazi mbili: mwenye taaluma kamili na msaidizi. Hata mwanafunzi anaandikishwa. Dada aliingia kama msaidizi. Kwa hiyo Mama Ndosho anaweza kuwa na jina humo bila ya mtu kumdai digrii, na akikosea anaulizwa kama wengine.

Huku Lubumbashi shida yetu nyingine: watoto walioitwa wachawi, wanaokaa kwenye makanisa eti wanaombewa. Sheria ya 2009 imekataza kumsingizia mtoto uchawi na imeweka adhabu. Lakini anayemshika mtoto pale anajiita mlezi pia. Mtamwandikisha?

Himbi_Kimya

Mnazunguka swali. Daftari la nani?

Mji umebadilisha mikono Januari 2025. Benki zikafungwa. Mahakama ya watoto ambayo Avoka anaitaja, nioneshe mlango wake leo. Kinshasa ikitunga sheria ya kuandikishwa kesho asubuhi, itafika Goma lini na itabebwa na nani? Wenye mji nao wakifungua daftari lao, mlezi atakayeandika jina lake humo anajulikana amechagua upande, na asiyeandika pia anajulikana. Mtu anayeshika watoto waliotoka kwenye vikundi hana haja ya orodha yenye anwani yake kukaa kwenye meza ya askari yeyote, wa upande wowote.

Tena mwaka huohuo miradi iliyokuwa inalipwa na Wamarekani ilikatwa. Walezi wengi wako nyumbani. Mnataka kuandikisha watu wasio na kazi.

Mlezi_Birere

Himbi_Kimya, ndiyo hoja ngumu kuliko zote hapa na sitajifanya sikuiona. Niseme ninachofikiri.

Kwanza, mradi kukatwa hakukuondoa watoto. Wako palepale, na sasa wanashikwa na yeyote aliye tayari. Saa ambayo mshahara umekufa ndiyo saa ambayo watu wa nia mbaya wanajitolea bure kwa furaha. Jiulizeni kwa nini mtu asiye na mtoto wala mshahara anataka sana zamu ya usiku.

Pili, orodha yenye anwani sitaki pia. Baada ya kuwasoma ninyi nimeona tulikuwa tunaanza na upande mbaya. Wote tunawaza daftari la kuingia: nani amesoma, nani anastahili, nani alipe. Hilo lingoje leta iliyotulia, na likija liwe na ngazi kama za Afrika Kusini. Cha kwanza tunachoweza ni upande wa kutoka. Vituo vinavyokubaliana, hata kumi tu, viandikiane mkataba mmoja: hakuna anayeajiri mlezi bila kuuliza kituo alichotoka, na anayeulizwa lazima ajibu ndiyo au hapana, kuna kesi ya mtoto au hakuna. Mlezi mwenyewe anasaini siku ya kuingia kwamba anakubali aulizwe. Avoka atatuambia kama sahihi hiyo inatukinga na parke.

Lushois, mchungaji wako akikataa kusaini, tayari wazazi wamepata jibu.

Avoka_Mdogo

Sahihi ya siku ya kuajiriwa inasaidia sana, ila isiwe ya jumla. Iandikwe swali gani litaulizwa, nani ataliuliza, na kwamba mhusika atasikilizwa kabla jibu halijatoka. Na "kuna kesi" isimaanishe fununu. Imaanishe uchunguzi umefanyika, umeandikwa, naye alipewa nafasi ya kujibu. Yule wa Katindo alisaini karatasi, si ndiyo? Basi angenaswa.

Mlezi_Birere

Angenaswa.

Jile_ya_Bluu

Ongezeni mlango wa mtoto. Kwenye hadithi ya kwanza msichana hakwenda kwa mkubwa wa kituo wala kwenye lile sanduku la mapendekezo ambalo wafadhili wanapiga picha. Alikwenda jikoni. Kila kituo mama wa jikoni, mlinzi, mfua nguo, hao wafundishwe wa kwanza: ukisikia hili unampelekea nani, na usiahidi mtoto siri ambayo huwezi kuitunza. Seminari zetu zote zinawaalika wenye ofisi.

Mama_Ndosho

Sasa apo njo naanza kuelewa. Mukataba miye nitasaini, ata kesho, bakuje kuuliza mu avenue yote. Lakini niko na ulizo moja. Mutoto akikosewa na ule mwenye iko nashika karatasi ya majibu, mukubwa wa kituo ye mwenyewe, atafanya je?

Ya_Rotterdam

Mama amegusa penyewe. Huku jopo haliko chini ya mwajiri yeyote, na hiyo ndiyo sababu.

Mlezi_Birere

Majibu yasikae kituoni. Yakae kwa watu watatu walio nje: avoka mmoja, mtu mmoja wa afya, na mzazi mmoja wa familia ya kupokea ambaye kwa wakati huo hana mtoto wa kituo chochote. Faili ziwe na namba, siyo anwani, kwa ajili ya ile hofu ya Himbi_Kimya.

Mtazamaji_Majengo

Watatu hao wasiwe na kituo, wasiwe na ndugu mwenye kituo, na wasilipwe na mfadhili wa kituo. Na hakuna karte, hakuna mchango, hakuna fulana ya uzinduzi. Kwa masharti hayo niko tayari kuongea na vituo viwili vya Majengo ninavyovifahamu. Avoka aandike rasimu. Bila kutuletea bili.

Avoka_Mdogo

Rasimu nitaiweka hapa kwenye uzi, ukurasa mmoja. Bili nitaipeleka Rotterdam.